Asubuhi Okinawa Ilipohamia Kushoto

Tsuruko Yabiku alidondosha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya jiko, makusudi, nyuma ya mgongo wa mumewe. Mumewe alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, ameshika ungo kwa mikono miwili kama mtu anayeshika usukani. Aliruka, na ungo ukazunguka kulia.

"Kulia tena," Tsuruko alisema.

"Nimeona."

"Umeona ukiwa umeshakufa. Rudia."

Ilikuwa jioni ya Juni mwaka 1978, kwenye kitongoji cha Naha kilichojaa nyumba za zege na matangi ya maji juu ya paa. Jirani aliyekuwa akianua nguo upande wa pili wa ua alikuwa amewasikia kwa siku kadhaa akinyamaza. Jioni hiyo uvumilivu ulimwishia.

"Jamani, mnapigana?"

"Tunajifunza udereva," Tsuruko alijibu.

"Kwa sufuria?"

"Gari ghali."

Jirani alicheka akaingia ndani. Seishun Yabiku hakucheka. Alikuwa dereva wa basi mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, na karibu miaka thelathini ya kazi bila kumkwaruza mtu. Wiki chache baadaye angetakiwa kuendesha basi upande wa barabara ambao mwili wake uliujua kuwa upande wa kifo.

Okinawa ilikuwa ikiendesha kulia tangu Wamarekani walipoiteka mwaka 1945. Japani nzima iliyobaki ilikuwa ikiendesha kushoto. Wamarekani walikirudisha kisiwa kwa Japani mwaka 1972. Dola zikaondoka, yeni zikaingia, na mtu hakuhitaji tena kibali cha kusafiria ili kwenda Tokyo. Kambi zilibaki. Barabara nazo zilibaki zinatii amri ya jeshi lililokuwa limeshinda vita zaidi ya miaka thelathini nyuma. Mkataba wa kimataifa wa barabara unataka nchi moja ifuate upande mmoja, kwa hiyo serikali ikapanga tarehe: Julai 30, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Mabango yenye namba 730, yaani mwezi na siku, yalibandikwa kwenye kila nguzo, kila duka la pombe, kila mlango wa shule.

Kampuni ya mabasi ilinunua magari mapya yenye usukani kulia na mlango kushoto. Madereva walipelekwa kwa zamu kwenye uwanja wa mazoezi uliochorwa mistari ya chokaa, chini ya mwalimu kutoka Kagoshima, Japani bara, aliyeitwa Hiramatsu, mtu mwembamba aliyevaa glavu nyeupe hata kwenye joto lile. Yabiku alijifunza upesi kuliko wenzake. Alipinda kona vizuri, alisimama kituoni bila kutikisa abiria, alirudi nyuma kana kwamba usukani haujawahi kukaa upande mwingine. Halafu, katika wiki ya tatu, Hiramatsu alianza kusukuma pipa tupu la mafuta mbele ya basi bila kutoa taarifa.

Madereva wengine walifunga breki. Baadhi walipinda kushoto kidogo, kama walivyofundishwa. Yabiku alifunga breki na kuupinda usukani kulia kwa nguvu zake zote. Kulia, kwa hesabu mpya, ndiko yanakotokea magari ya mbele.

Pipa lilisukumwa tena, kutoka upande mwingine. Akapinda kulia. Likasukumwa mara nyingine, naye akijua kabisa kwamba linakuja. Kulia.

Wenzake walipokwenda kunywa chai, Hiramatsu alipanda kwenye basi akaketi kwenye kiti cha nyuma ya dereva.

"Bwana Yabiku, ukiwa umetulia wewe ndiye bora kuliko wote hapa. Ukishtuka unakuwa mtu mwingine."

"Najua, mwalimu."

"Mtu gani huyo?"

Yabiku alitazama kiwanja. "Mfungwa," alisema.

Alikuwa mtoto wa mwendesha mkokoteni wa farasi aliyebeba miwa kwenda kiwandani. Mwaka wa vita, akiwa na miaka kumi na tisa, jeshi la Japani lilimchukua abebe makombora na maji. Alikamatwa na Wamarekani mwezi Juni ndani ya pango, akiwa na homa na bila kiatu kimoja. Kwenye kambi ya wafungwa walitafuta vijana wa kuendesha malori, na kwa kuwa aliyeinua mkono alipewa nyama ya kopo, aliinua mkono. Rafiki yake Chinen, mchekeshaji wa hema lao, naye aliinua wake.

Sajini aliyewafundisha hakujua lugha yao, nao hawakujua yake. Alifundisha kwa kofi. Lori likielekea kulia, kimya. Likielekea kushoto, kofi kwenye kofia. Siku ya nne Chinen alikuwa mbele, Yabiku nyuma yake kwenye lori la pili, barabara ikiwa tope tupu. Trela lililobeba kifaru likatokea kwenye kona. Chinen, aliyekulia kwenye kijiji cha mikokoteni kama Yabiku, alishtuka akaenda kushoto, kama baba yake na babu yake walivyokwenda kushoto kila walipokutana na mkokoteni mwingine. Yabiku alienda kulia. Alisimama mtaroni, mzima, na alichokiona mbele yake kwenye tope hakuwahi kumweleza mtu yeyote kwa ukamilifu, hata Tsuruko.

Kuanzia siku hiyo hakuhitaji kofi.

"Niandikie kwamba nimeshindwa," alimwambia Hiramatsu.

Mwalimu alivua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena. "Njia yako ni ya pwani, mpaka mji wa Nago."

"Ndiyo."

"Nikikuandikia umeshindwa, atapewa kijana aliyepata leseni ya basi mwaka jana. Nimemwona. Yeye hashtuki kwa sababu haoni kitu." Alisimama. "Mabasi ni mengi, madereva hawatoshi. Siwezi kukuondoa. Tafuta namna ya kumfunga huyo mfungwa wako."

Hiyo ndiyo sababu ya ule ungo. Mwanzoni Tsuruko alijaribu kumfundisha kupinda kushoto. Kila mfuniko ulipoanguka, Yabiku alipinda kulia, akatukana, akaomba msamaha, wakaanza upya. Wiki ilipita hivyo. Usiku alilala na mikono chini ya makalio, kwa kuwa aliota na ndotoni pia alipinda kulia. Jioni moja Tsuruko, ambaye mchana alikaanga tofu kwenye soko la Makishi na hakuwahi kushika usukani maishani, aliweka mfuniko chini taratibu akaketi mbele yake.

"Mikono yako haifundishiki," alisema. "Ina kichwa chake. Tuache kuifundisha kwenda kushoto. Tuifundishe kutofanya lolote."

"Dereva asiyefanya lolote?"

"Mguu ufanye. Breki tu. Mikono ife."

"Na kama kuna shimo mbele?"

"Utaingia shimoni ukiwa umenyooka. Ni afadhali kuliko kuingia kwenye gari la watu."

Yabiku alifikiria neno hilo, *ife*, akaona lina maana. Waliendelea na mfuniko, kisha kengele, kisha Tsuruko akimrukia kutoka nyuma ya mlango. Kidogo kidogo ungo ulianza kutulia. Ulitetemeka, lakini haukuzunguka. Siku ya mwisho ya mazoezi uwanjani Hiramatsu alisukuma pipa, na basi la Yabiku lililigonga katikati kabisa, likiwa limenyooka kama rula, likasimama.

"Umeligonga," mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Barabarani litakuwa mtu."

"Ningepinda, wangekuwa watu wengi."

Hiramatsu alimwandikia kwamba amefaulu. Hakumsifu.

Usiku wa kuamkia Jumapili magari yote ya kawaida yalizuiwa barabarani, na wafanyakazi walipita wakifunika alama za zamani na kufunua mpya. Kulipopambazuka, Naha ilikuwa imejaa watu wa miguu waliotoka kutazama kana kwamba kuna maandamano. Wengine walibeba mikeka na birika. Polisi walioletwa kutoka Japani bara walisimama kila njia panda, filimbi mdomoni. Ilipotimia saa kumi na mbili honi zililia, na magari yaliyokuwa yamesimama kulia yakaanza kuvuka mstari wa kati polepole, moja baada ya jingine, mpaka upande wa pili. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia.

Yabiku alikuwa ndani ya basi jipya linalonuka mpira na rangi, mikono imeshika usukani kulia na kushoto, sawasawa. Shati lilikuwa limeshamlowa mgongoni.

Kwenye kituo cha tatu hapakuwa na abiria. Abiria wote walikuwa ng'ambo, kwenye kituo cha zamani, wakimpungia. Polisi alipuliza filimbi wakavuka wakicheka, wakiwa na vikapu na miavuli. Wa mwisho kuvuka alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na tisa aliyevaa kimono cha mchana cha nyuzi za mgomba na kushika mfuko wa maandazi ya mviringo. Alisimama katikati ya barabara, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena kushoto, akakosa uamuzi, akanyoosha mkono kusimamisha magari yote akapita.

Yabiku alifunga macho sekunde moja. "Mama, nilikuambia usije leo."

"Uliniambia. Sikukubali." Kamado Yabiku alipanda akaketi kiti cha mbele kabisa. "Nilipokuwa msichana tulipita kushoto. Wakaja Wamarekani wakatupeleka kulia. Sasa Tokyo wanatupeleka kushoto. Wanatugeuza kama samaki kwenye kikaango. Nimekuja kuona kama tumeiva."

Abiria walicheka. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya miguu ya nguruwe kwa ajili ya mgahawa wa dada yake huko Nago alisema, "Bibi, mwombe mwanao asituunguze upande mmoja."

"Mwanangu dereva mzuri," Kamado alisema. "Tangu utoto hana haraka. Hata kuzaliwa alichelewa."

Yabiku alifunga mlango akaondoa basi. Angeweza kuwabeba wote hawa asiowajua na kuendelea kupumua. Lakini kisogo chake sasa kilihisi macho ya mama yake, na mama yake hakujua lolote kuhusu pipa, ungo wala Chinen.

Saa ya kwanza ilipita vizuri kupita kiasi. Mjini kila mtu alikuwa mwangalifu mno. Magari yalitembea kama yamebeba mayai. Walipita uzio mrefu wa kambi, ndege zikiwa zimepangwa nyuma yake kwenye jua. Vijana wa Kimarekani waliovaa fulana walikuwa wamekaa nje ya lango, wakiwapiga picha Waokinawa waliokuwa wakiwapiga picha wao. Mzee mwenye kofia ya majani, aliyekaa katikati ya basi, alianza kuhesabu makosa ya watu kwa sauti.

"Yule kaingia kulia! Huyo karudi. Na yule polisi mwenyewe kasimama upande mbaya!"

"Baba, tulia," alisema mama wa ndoo. "Unamtia dereva presha."

"Dereva hana presha. Mtazame, hata hageuki."

Yabiku hakugeuka kwa kuwa hakuthubutu. Hiramatsu aliwaonya madereva wote siku ya mwisho: alfajiri hakuna hatari, kwa kuwa kila mtu anaogopa. Hatari itakuja barabara ikishakuwa tupu, pale mtu aliyesimama kidogo kununua kitu atakaporudi kwenye gari akifikiria mambo mengine, na mwili ukachagua upande wenyewe.

Baada ya kijiji cha Onna barabara inabana. Kushoto kuna ukingo mfupi wa zege na chini yake bahari. Kulia kuna jabali. Magari yalikuwa yamepungua, na mazungumzo ndani ya basi yamelegea. Kamado alikuwa amefungua mfuko wa maandazi na kuanza kuwapitishia watu. Basi liliingia kwenye kona.

Lori la kijani la jeshi lilikuwa linakuja mbele yao, upande wa bahari. Upande wao. Halikuwa linakwenda kasi sana wala polepole. Lilikuwa linakwenda kama lori lolote linalokwenda mahali pake halali, kama malori yote yaliyopita kwenye kona hiyo mpaka jana.

Kila kitu ndani ya Yabiku kilisema kulia. Hakikusema kwa maneno. Mabega yalikaza, kiwiko cha kushoto kikainuka, na upande wa jabali ukafunguka mbele yake mpana na salama, kama mlango wa nyumba. Alitokwa na sauti ambayo mama yake baadaye alisema ilikuwa kama ya mbwa. Mguu ulishuka kwenye breki mpaka mwisho. Mikono ikafa.

Basi liliteleza limenyooka. Ndoo ilianguka, miguu ya nguruwe ikatawanyika sakafuni. Mtu alipiga kelele, "Kulia! Pinda kulia!" na nusu ya basi ikaitikia neno hilo hilo, kwa kuwa wote walikuwa watu wa kisiwa kile na wote miili yao ilijua hivyo. Wakati huohuo, kutoka nyuma ya lori, upande wa jabali, ilitokea teksi ndogo nyeupe, ikifuata sheria mpya kwa usahihi wote, na mtoto amesimama kwenye kiti cha nyuma. Ilipita kulia mwa basi karibu kiasi cha kugusa kioo. Ilipita pale hasa ambapo basi lingekuwa.

Lori na basi vilikuwa vimesimama pua kwa pua. Kati ya bampa mbili pangetosha mtu kupita kwa ubavu.

"Kuna aliyeumia?" Yabiku aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Hakuna aliyeumia. Mama wa ndoo alikuwa amepiga magoti anaokota nyama huku analia na kutukana kwa zamu. Mzee wa kofia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

"Jeshi! Ni jeshi tena! Wametugonga miaka yote hiyo, na kesi zinaishia ndani ya uzio wao. Mshusheni!"

"Mshusheni!" wawili watatu waliitikia, na mlango ulipofunguka wakateremka.

Dereva wa lori alikuwa ameshateremka pia. Alikuwa kijana mwenye chunusi, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa, akisema neno moja tena na tena. Chupa ya soda ilikuwa imemwagika kwenye kiti chake. Kumbe alikuwa amesimama kwenye kibanda cha vinywaji ng'ambo ya kona, na alipoondoka, mwili ukachagua.

Polisi mmoja alikuja akikimbia kutoka kwenye kibanda hicho, kofia mkononi. Lafudhi yake ilikuwa ya mbali, ya kaskazini ya Japani bara. Aliona lori la jeshi la Marekani, akaona watu wenye hasira, akaona foleni inayoanza kujikusanya pande zote mbili, na uso wake ukawa wa mtu anayeona magazeti ya kesho.

"Hakuna ajali," alisema haraka. "Hakuna kilichoguswa, si ndiyo? Hakuna kesi. Pandeni wote. Dereva, rudi nyuma kidogo, pita kulia mwa lori, endelea na safari. Nitazuia magari."

"Lori lirudi nyuma," Yabiku alisema. Alikuwa bado kwenye kiti, dirisha wazi.

"Hilo ni gari la jeshi. Siwezi kuliamuru bila watu wao. Watafika baada ya saa nzima, pengine mbili. Wewe pita tu. Mita chache."

Yabiku alitazama mita hizo chache. Zilikuwa tupu; polisi angezuia magari; hapakuwa na hatari yoyote. Na mwili wake wote ulikuwa unazitaka. Ulizitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na utamu wa kutaka huko ulimtisha kuliko lori.

"Sipiti kulia, afande."

"Nini?"

"Sipiti kulia."

"Dereva, hii ni amri."

"Amri ya kulia nilipewa na jeshi la watu wengine nikiwa na miaka kumi na tisa. Amri ya kushoto mmenipa ninyi leo asubuhi. Haijatimiza hata masaa matatu. Nishike ipi?"

Watu nje waliacha kupiga kelele ili wasikie. Polisi alikuwa amekuwa mwekundu. "Unazuia barabara kuu ya kitaifa. Nitaandika namba yako."

"Andika." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo polisi peke yake na mama yake nyuma waliisikia, Yabiku akasema, "Nina abiria mpaka Nago na kurudi. Mikono yangu nikiipa kulia sasa hivi, mara moja tu, kona inayofuata itaidai tena. Nakuomba."

Polisi alimtazama. Labda alikuwa na baba wa umri huo. Alirudisha kalamu mfukoni bila kuandika, lakini hakujua afanye nini baadaye, akabaki amesimama kati ya bampa mbili.

Nje, mzee wa kofia alikuwa amemshika askari kijana kola ya shati. Hapo Kamado aliteremka. Alitembea taratibu, kwa kuwa ngazi za basi jipya zilikuwa upande asiouzoea, akafika katikati ya watu.

"Mwachie," alimwambia mzee.

"Bibi, wewe humjui huyu."

"Wewe unamjua? Hana hata ndevu. Jana alikuwa amekosea kama sisi wote tulivyokosea, na leo amekosea peke yake. Mwachie, nguo za watu hizo."

Mzee aliachia, kwa shingo upande. Yabiku alikuwa hajateremka. Alitoa kichwa dirishani na kumwita askari kwa Kiingereza kile kile cha kambini, maneno machache yasiyo na adabu, aliyofundishwa kwa kofi. Nyuma. Polepole. Nitazame mimi. Kijana alitazama juu. Alielewa. Alipanda kwenye lori, akajipangusa uso, na injini ikawaka.

Polisi alianza kupuliza filimbi kwa nguvu, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Lori lilirudi nyuma mpaka palipopanuka, likavuka mstari wa kati, likasimama upande wa jabali. Lilipopita kando ya basi, askari alikuwa ameshika usukani vilevile kama Yabiku, vidole vyeupe, akitazama mbele tu.

"Pandeni," Yabiku alisema.

Mpaka Nago mzee wa kofia hakuhesabu tena makosa. Kulikuwa na kona nyingine zaidi ya kumi, na katika kila moja Yabiku alisikia watu wakishika vyuma vya viti. Mara mbili magari yalitokea ghafla, yakiwa mahali pake, na mara zote mbili mguu wake uliruka na mikono haikusogea. Hakujisikia shujaa wala hakujisikia amepona. Alijisikia kama mtu anayebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni kwenye chumba kilichojaa watu.

Kwenye kituo cha Nago abiria waliteremka mmoja mmoja. Mama wa ndoo aliacha mguu mmoja wa nguruwe, umefungwa kwenye gazeti, juu ya dashibodi. Mzee wa kofia aliinama kidogo. Mkuu wa kituo alipanda na bilauri ya maji.

"Simu imetoka Onna. Nimesikia. Kunywa."

Yabiku aliitazama bilauri. "Siwezi."

"Unaumwa?"

"Haifunguki."

Mkuu wa kituo hakuelewa mpaka alipoona. Vidole vilikuwa vimeuzunguka usukani, vigumu kama mizizi. Yabiku alivitazama pia, bila mshangao. Alikuwa ameviamuru visifanye lolote, navyo vilikuwa vimetii. Havikuwa vimeambiwa amri inaisha lini.

"Nimwite mwenzako ashike zamu ya kurudi?" mkuu wa kituo aliuliza. "Yuko kijana mmoja hapa, amepata leseni mwaka jana."

Kamado alikuwa bado kwenye kiti chake. Alisimama, akamsukuma mkuu wa kituo pembeni kwa kiwiko, akakishika kidole gumba cha mwanawe akakivuta. Kilitoka kwa shida. Akaenda kwa kinachofuata, akiwa na uvumilivu wa mtu anayechambua nyuzi.

"Ni nani aliyekufanyia hivi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Ni zamani sana, mama. Kambini."

"Hukuniambia."

"Hapana."

"Na mkeo anajua?"

"Kiasi."

Alimaliza mkono wa kwanza akaulaza mapajani mwa mwanawe kama kitu kilichoanguka. Akaanza wa pili. Mkuu wa kituo alikuwa ameinamisha macho kwenye bilauri. Nje, abiria wa kwenda Naha walikuwa wameanza kupanga mstari, baadhi yao upande mbaya wa basi, wakigonga ubavu mtupu wa bati na kuuliza mlango umekwenda wapi.

Kidole cha mwisho kilipoachia, Yabiku alikunja na kukunjua mikono. Ilikuwa imevimba. Alikunywa maji yote.

"Usimwite kijana," alisema.

"Una hakika?" mkuu wa kituo aliuliza.

"Sina. Fungua mlango waingie."

Kamado alirudi kwenye kiti cha mbele akaketi, mfuko wake umebaki na maandazi mawili. Yabiku aliutazama usukani kwa muda, kisha akaushika, akachungulia kioo, na kulitoa basi kituoni, kushoto.